Mguu wa Bi Mwanahamisi na Bandeji Niliyojisifia

Wanangu mnaovaa sare nyeupe leo, na hasa nyie wavulana ambao mtaa mzima unawaita madaktari kabla hamjajua hata kupima presha, kaeni kidogo. Mimi nimestaafu unesi. Magoti yangu hayataki tena kusimama zamu nzima, na mke wangu Odeti amechoka na hadithi zangu. Kaniambia nitafute watu ambao bado hawajazisikia, niwachoshe wao. Nimewapata nyie.

Nianze na lile linalowachekesha wote. Kabla sijawa nesi nilikuwa daktari wa meno, tena si hapa Dar. Nilikuwa Lubumbashi, kule Kongo nilikozaliwa na kusomea. Nilikuwa na chumba changu, kiti cha kupanda na kushuka kwa kukanyaga pedeli, na kibao mlangoni chenye jina langu, Selestini, kwa herufi kubwa kuliko zilivyohitajika. Mambo yalipoharibika tukakimbia na watoto, tukavuka ziwa hadi Kigoma, tukateremka mpaka Dar, tukapanga chumba Manzese nyuma ya gereji. Vyeti vyangu vilikuwa vya Kifaransa, na nusu yake vilibaki ndani ya nyumba ambayo sasa haipo. Kila ofisi niliyoingia walinipa kiti wakanieleza kwa upole kwamba, ili ning'oe jino hata moja katika nchi hii, nitahitaji karatasi ambazo sina na mtihani wa Kiingereza ambacho pia sina. Nilikuwa nashukuru, natoka, nakwenda kusimama kivulini mpaka uso unyooke.

Odeti ndiye aliyetamka neno unesi. Yeye alikuwa ameshaanza kuuza vitenge, anajua bei za soko zima, anagombana na wateja kwa Kiswahili cha Dar kana kwamba alizaliwa Magomeni. Mimi nilikuwa nyumbani nimekaa kitandani, nimevaa tai. Akaniambia kuna chuo kinachukua watu wazima, na kwamba mikono yangu inaharibika kwa kukaa bure. Nilikasirika siku nzima. Jioni nikamwambia sawa, nitasoma huo unesi kwa muda tu, mpaka mambo yangu ya meno yakae sawa. Huo muda ndio ulionifikisha kwenye pensheni.

Darasani nilikuwa na umri wa kuwazaa wenzangu. Asubuhi walipanga mstari kunipa shikamoo, mchana wakanipita kwenye mtihani. Kwetu Lubumbashi hatuna shikamoo, mtu unamwambia jambo na yanaisha. Kwa hiyo siku ya kwanza binti mmoja aliponiambia shikamoo baba, nilimjibu jambo sana, na darasa zima likalala juu ya madawati kwa kicheko. Nikajifunza marahaba. Nikaipenda hata nikawa napunguza mwendo kwenye korido ili wanikute.

Marahaba haikunisaidia kutandika kitanda. Nyie mnacheka, lakini mtihani wa vitendo wa kwanza ulikuwa kutandika kitanda mgonjwa akiwa amelala juu yake, na mimi niliufeli. Mgonjwa alikuwa mwanafunzi mwenzetu aliyejilaza kutusaidia. Nilimgeuza upande nikavuta shuka, nikamgeuza upande wa pili nikavuta tena, mwisho akawa amefungwa humo ndani mikono na miguu, anauliza kwa sauti ndogo kama tumemaliza. Mwalimu hakunigombeza. Aliandika sifuri akakunja karatasi taratibu, na hiyo iliniuma zaidi.

Odeti ndiye aliyeniokoa. Kila jioni baada ya chakula alijilaza kitandani kwetu akajifanya mahututi. Anaugua, anaomba maji, analalamika shuka lina mikunjo, na mimi nazunguka kitanda natoka jasho. Akaniambia kwamba tangu anioe (ndivyo alivyosema, anioe) hajawahi kuniona nimeshika shuka kwa nia ya kulinyoosha. Niliporudia mtihani nilipita, na mpaka leo kitanda chetu natandika mimi.

Sasa niwaambie kitu kuhusu ufundi wa meno ambacho sikukijua nilipokuwa ndani yake. Daktari wa meno huongea na watu wasioweza kumjibu. Anauliza watoto hawajambo, huku mikono yake yote miwili imo mdomoni mwa mtu. Mgonjwa anatoa mlio fulani, daktari anasema vizuri sana, na mazungumzo yanaendelea. Niliishi hivyo miaka, nikajiona msikilizaji hodari.

Nilipoajiriwa kwenye zahanati moja ndogo upande wa Temeke, tabia zote hizo nilihamia nazo. Kila aliyeingia nilimtazama kwanza mdomoni. Mama kaja kupima mtoto uzito, mimi namwambia lile gego la nyuma litakuja kukusumbua. Siku moja nilipewa fundi wa gereji wa kumchoma sindano ya makalio. Alilala kifudifudi, suruali magotini, mimi nimeshika sindano na mikono imeshaingia kwenye mazoea yake ya zamani. Nikamwambia kwa sauti ya kutuliza, fungua mdomo. Akafungua. Maskini wa Mungu hakuuliza kwa nini, alifungua mdomo akausogeza ukingoni mwa kitanda nione vizuri. Nyuma ya pazia Sista Tumaini, mkuu wetu, alikuwa anahesabu dawa, na nikasikia vidonge vinamwagika sakafuni.

Sista Tumaini alikuwa mwenyeji wa Iringa, mwanamke wa maneno machache na saa kubwa kifuani. Hakuwa mpole, na hakuwa sahihi siku zote. Aliamini, kwa mfano, kwamba feni husababisha nimonia, na hakuna aliyethubutu kuiwasha akiwa zamu. Lakini watu aliwajua. Aliponisikiliza kwa wiki chache nikihoji wagonjwa aliniita pembeni. "Braza Selestini," akasema, "wewe unauliza swali halafu unaondoka nalo mwenyewe." Nilimshukuru na nikamuuliza ana maana gani, kisha nikaondoka kabla hajajibu kwa sababu kulikuwa na mtu anasubiri drip.

Na jambo jingine, ambalo nyie wavulana mnalijua. Katika mji huu mwanaume akivaa nguo nyeupe ni daktari. Dada zenu wamesoma kuliko nyie, wana vyeti viwili, wanaitwa nesi. Wewe umeingia juzi kufagia wodi, unaitwa daktari. Mimi nilipaswa kuwasahihisha watu. Sikuwasahihisha. Wakiniita daktari nilikuwa naona kibao changu cha Lubumbashi kinaning'inia upya hewani, nikaitika haraka. Kwa miaka ile ya mwanzo hakuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kuniita nesi, nami nilitaka ibaki hivyo hivyo.

Ndipo nikapangiwa mguu wa Bi Mwanahamisi.

Bi Mwanahamisi alikuwa mzaliwa wa hapa hapa, watu wa pwani wa tangu na tangu, mjane, akikaa Chang'ombe katika nyumba ya udongo na saruji aliyoingizwa akiwa bibi harusi. Alfajiri aliwakaangia vitumbua watu wa viwandani wanaopita kuingia zamu. Ujana wake wote alishona kofia za mkono, zile zenye vitundu vya nakshi, mpaka macho yalipomwambia basi. Alikuwa na sukari, na sukari ikamletea kidonda unyayoni, mguu wa kushoto, chini kidogo ya kidole gumba. Hospitali kubwa walimwambia wazi kwamba asipoanza kupona kufikia siku ya kurudi, mguu utakatwa.

Alikuwa na mtoto mmoja, Idi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ukonga. Idi alikuwa mtoto mwema kupita kiasi. Aliposikia habari ya kukatwa alitenga chumba nyumbani kwake, akakipaka rangi ya maziwa, akafunga na vyuma vya kujishikia ukutani. Kila Jumapili alimjia mama yake akamweleza habari za chumba. Bi Mwanahamisi akiongelea kile chumba ungedhani anaongelea gereza la huko huko Ukonga. Mguu ukiondoka, nyumba yake inaondoka, na jiko lake, na wateja wake wanaomwamkia kila alfajiri kwa kupokezana. Hilo ndilo lililokuwa mezani, na wote tulilijua.

Zahanati yetu ilikuwa na utaratibu wa kuwafuata nyumbani wasioweza kutembea. Siku ya kwanza nilifika kwake na mkoba wangu, nikapiga hodi, nikavua viatu (hilo nilikuwa nimeshajifunza, baada ya kufukuzwa nyumba moja Mtoni). Nikajitambulisha. Nilisema mimi ndiye nitakayesafisha kidonda, lakini nikaongeza, na hakuna aliyeniuliza, kwamba kwa kweli mimi ni daktari wa meno.

"Karibu," akasema Bi Mwanahamisi. "Ila umechelewa, mwanangu. Meno yaliondoka zamani. Uliobaki ni mguu."

Tangu siku hiyo akawa ananiita daktari wa meno. Majirani waliposema daktari kaja, yeye aliwaongezea, wa meno.

Hebu niwape ufundi kidogo hapa, msije mkasema mzee alitupotezea muda. Kidonda cha sukari unakwenda nacho polepole. Bandeji ya zamani usiivute, ilainishe kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali mpaka iachie yenyewe. Nusa, usione aibu kunusa. Tazama viatu vya mgonjwa kabla hujatazama mguu, maana mara nyingi adui anakaa kwenye kiatu. Siku hizi mna vifurushi vya shashi vilivyofungwa tayari, mnapiga picha ya kidonda kwa simu na kumtumia bingwa, naye anajibu akiwa anakula. Sisi tulikata shashi wenyewe, tukaichemsha kwenye pipa la mvuke, tukabeba. Lakini kufunga bandeji ni kulekule, na mimi katika kufunga bandeji nilijiona sina mpinzani Temeke nzima.

Nilikuwa na sababu. Nilimfunga Bi Mwanahamisi asubuhi, nikarudi baada ya siku moja, nikaikuta bandeji ipo vilevile. Haijalegea, haijashuka kisiginoni, mistari imelala sawasawa, ncha imechomekwa ndani kwa adabu. Bandeji za wenzangu zilikuwa zinateleza kabla mgonjwa hajafika getini. Yangu ilikaa. Nikaanza kuiongelea zahanatini. Nikaanza kuiongelea hata nyumbani, mpaka Odeti akauliza kama nimeoa bandeji. Mwishowe nikawachukua wanafunzi wawili wa mazoezi, binti na kijana, nikaenda nao Chang'ombe, nikawapigisha magoti mbele ya ule mguu. Nikawaambia watazame, bandeji iliyofungwa na mtu anayejua kazi haisogei. Bi Mwanahamisi alikuwa anatutazama na kitabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo. Nilidhani ananionea fahari.

Tatizo lilikuwa kwamba ndani ya bandeji hiyo nzuri kidonda hakifungi. Kingo zilikuwa nyeupe, zimevimba, laini kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Nikamshuku kwa vitumbua. Nilimhoji kama polisi: unaonja, unakula vilivyoungua, unalamba mwiko? Akiapa kwamba havili, nishafika kwenye swali la viatu. Akianza kujibu la viatu, nishafika kwenye la dawa za miti shamba. Nikiwa mlangoni, naondoka, nilimkumbusha kwamba kidonda kisipate maji. Alianza kusema jambo. Nikamwambia hata tone, nikatoka, bajaji ilikuwa inaningoja.

Siku ya kurudi hospitali ilikuwa inakaribia. Idi alikuwa ameshanunua kitanda. Nami nilianza kuogopa kikweli. Nilishaanza kumpenda yule bibi na maneno yake makali, na nilijua wakimkata mguu, kidonda kilikuwa mikononi mwangu.

Basi ikatokea asubuhi moja tukawekwa darasani na wakaguzi, kwa hiyo Chang'ombe nikafika alasiri badala ya asubuhi. Nikapiga hodi. Sauti ikatoka uani, karibu. Nikazunguka nyuma.

Bi Mwanahamisi alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya bomba. Bandeji yangu ilikuwa imevingirishwa vizuri, imewekwa juu ya sahani safi. Mguu wa kushoto ulikuwa wazi, kidonda na chote, na maji kutoka kwenye kopo yalikuwa yanautiririkia hadi vidoleni. Adhana ya alasiri ilikuwa imetoka kuisha msikiti wa jirani. Alikuwa anatawadha.

Nilifungua mdomo. Safari hii mdomo ulikuwa wangu. Lakini aliinua kidole, maana yake ngoja, na mimi nikangoja. Akamaliza. Akaukausha mguu kwa kitambaa cheupe, akigusagusa bila kusugua, kama nilivyofundishwa chuoni. Kisha akaichukua bandeji akaanza kuifunga. Vidole vile vilivyoshona kofia miaka yote vilikwenda bila haraka, mzunguko juu ya mzunguko, mistari imelala sawasawa, na mwisho akachomeka ncha ndani kwa adabu. Akaingia ndani kuswali, akaniacha uani peke yangu na kigoda chake.

Kwa hiyo bandeji yangu ilikuwa haisogei kwa sababu haikuwa yangu. Ilikuwa yake, ya alfajiri, ya adhuhuri, ya alasiri, ya magharibi na ya isha, kila siku ya Mungu, inafunguliwa, mguu unaoshwa, inafungwa tena ikiwa na unyevu wake. Nilikumbuka wale wanafunzi wawili niliowapigisha magoti. Nilikumbuka yale niliyoyasema. Mimi Mkatoliki wa Lubumbashi nilikuwa nimekaa Dar miaka, nasikia adhana kila siku, naitumia kujua saa, na haikuwahi kunipitia akilini kwamba mguu ninaoukataza maji una miadi na maji mara tano kwa siku. Nilitamani ardhi ya Chang'ombe inimeze na mkoba wangu.

Alipotoka alikaa kwenye mkeka, mimi nikabaki nimesimama.

"Bibi," nikasema, "nilikwambia kidonda kisipate maji."

"Uliniambia ukiwa mlangoni umeshavaa kiatu kimoja. Nikakuuliza, mwanangu, na maji ya udhu je? Ukasema hata tone, ukatokomea. Sasa mie nijuaje umenijibu mie au umemjibu mwenye bajaji?"

Nikauweka mkoba chini.

"Mgonjwa anayo ruhusa yake," akaendelea. "Anapangusa juu ya bandeji, anatayamamu kwa vumbi safi badala ya maji, swala yake inakwenda. Hilo nalijua tangu chuo cha Kurani, hukuwa umezaliwa. Lakini ruhusa mtu hajipi mwenyewe kwa uvivu. Anataka mtu wa tiba anayemwamini akae, amwambie maji haya yanakudhuru, na sababu yake ni hii. Wewe hujawahi kukaa."

Nikakaa. Nilikaa kwenye mkeka na soksi zangu zenye tundu, nikamweleza. Nilimweleza unyevu unavyofanya ngozi isishikane, na vijidudu vinavyopenda mahali pa majimaji, na sukari inavyounyima mguu habari za maumivu hata usilalamike. Alikuwa ananikatiza, anauliza, na ilinibidi nijibu moja kabla ya kwenda jingine. Mwisho nikamwambia ukweli, kwamba tukiendelea hivi watamkata, na kwamba mimi naogopa. Sijui kwa nini nililisema hilo la kuogopa. Daktari wa meno hasemi hivyo, mgonjwa ataruka kwenye kiti.

Aliutazama mguu wake, akaupapasa juu ya bandeji. Kisha akasema maji hayo alikuwa akiyatia mguuni tangu mama yake alipomfundisha, na hajawahi kuyapunguza hata zilipomwishia siku arobaini za uzazi, swala zikamrudia akiwa bado hajiwezi. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa pembe ya khanga, akaniuliza kama nakunywa chai ya tangawizi.

Tukapanga upya. Nikawa nakwenda adhuhuri badala ya asubuhi. Yeye anatawadha viungo vyake vyote vingine, mimi nausafisha mguu na kuufunga akiwa na udhu wake, na baada ya hapo anapangusa juu tu. Glovu alikuwa ananisisitizia tangu siku ya kwanza nisizivue, nami nilikuwa nimemsifia kwa wenzangu, bibi anayejali usafi wa kitabibu. Kumbe mkono mtupu wa mwanaume ungemtengulia udhu. Kila nilichodhani ni sifa yangu mle ndani kilikuwa na mwenyewe.

Wale wanafunzi niliwarudia nikawaeleza, nikiwa nimejiandaa kuwashangaza. Binti, ambaye jina lake lilikuwa Mwajuma na ningepaswa kufikiri mapema, aliniambia yeye alitambua siku ileile kwamba bandeji ile hufunguliwa kwa ajili ya udhu. Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Nilidhani unajua, daktari," akasema. "Halafu ulikuwa unafundisha."

Siku ya hospitali nilimwomba Sista Tumaini ruhusa, nikaenda na Bi Mwanahamisi. Sista alinitazama juu ya miwani akaniambia nikifika huko nisimwambie mtu yeyote fungua mdomo. Idi alikuja na gari la dukani. Njiani alieleza habari za kitanda kipya, mama yake anatazama dirishani. Daktari bingwa alikuwa kijana, anaweza kuwa mwanangu. Alifungua bandeji, akabonyeza kingo, akanusa, akachukua tochi akarudia kutazama. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta. Akasema nyama inapanda vizuri, tuendelee hivyohivyo, haoni haja ya kisu. Bi Mwanahamisi alifunga macho akasema alhamdulillahi kwa sauti ya chini. Idi alitoka nje. Tulimkuta kaegemea gari analia kwa furaha, na kesho yake, nilikuja kusikia, chumba alikipangisha.

Haikuwa kazi ya wiki mbili. Kidonda cha sukari kina kiburi chake, kinafunga leo kinafunguka kesho. Nilikunywa tangawizi nyingi kwenye ule mkeka kuliko niliyokunywa maisha yangu yote, nikayajua majina ya wateja wa vitumbua, nani kaachishwa kazi kiwandani, nani kaoa kimyakimya. Odeti alianza kusema nimekuwa nauliza kitu halafu nanyamaza, na kwamba inamtisha. Hata yale mambo ya meno niliyokuwa nayangoja yakae sawa, niligundua siku moja kwamba nimeacha kuyangoja. Koleo zangu za Lubumbashi zilikuwa sandukuni, na sikukumbuka mara ya mwisho kuzipaka mafuta.

Kikafunga. Siku hiyo nilifungua bandeji nikakuta ngozi mpya, nyembamba, ya rangi ya waridi, imekutana katikati. Nikaigusa kwa glovu, nikaibonyeza, ikavumilia. Nikamwambia Bi Mwanahamisi kwamba sasa mguu wake ni ruhusa, maji yaliyo safi, na kukausha vizuri katikati ya vidole. Nikaanza kufunga mkoba, maana nyumba nyingine mbili zilikuwa zinaningoja.

Akaniambia nisiende. Adhana ya adhuhuri ilikuwa inaanza. Akainuka, akaenda uani kwa miguu yake miwili, akakaa kwenye kigoda, akanisukumia kopo.

"Wewe ndiye uliyeninyima maji," akasema. "Basi utanimiminia wewe."

Nikamimina. Mikono, kinywa, uso, hayo yote alijiosha kwa kurudiarudia huku mimi namimina na kujaza kopo tena bombani. Akapaka maji kichwani chini ya ushungi. Mguu wa kulia ukapita salama. Wa kushoto ndio wa mwisho. Nilisimama na kopo mkononi, nikachelewa kumimina, kwa sababu miezi mingapi nilikuwa naulinda mguu ule na maji kama mlinzi wa benki, na sasa mimi mwenyewe nimeshika maji. Yakateremka juu ya kisigino, yakapita kwenye ngozi mpya, yakatoka vidoleni, na ngozi haikufanya chochote. Ilikuwa ngozi tu, imelowa. Nililia, wanangu, mtu mzima na sare yangu nyeupe, mbele ya ndoo za watu. Nikaliweka kopo chini kwa kuwa nilidhani nimemaliza.

Bi Mwanahamisi hakusogeza mguu. Aliniinulia macho.

"Mara tatu, nesi," akasema. "Usinipunje."